Wakristu waliongoja padri zaidi ya miaka 200

Sisi makatekista wa vijijini twaijua kazi ya kungoja. Padri akiisha kusoma Misa na kuondoka, sisi tunabaki na ufunguo wa kanisa, na kitabu cha majina ya waliobatizwa, na watu. Mvua ikiharibu njia, ama vita vikiifunga, miezi yapita. Siku ya Mungu tunasali pamoja, tunasoma Injili, tunafundisha watoto. Kisha mzee mmoja anatuuliza: «Padri atarudi lini?» Nasi hatuna jibu.

Kwa sababu hiyo tumeona vema kuwaeleza habari za wakristu wa Nagasaki, katika nchi ya Japani.

Mtakatifu Fransisko Ksaveri alifika Kagoshima, kusini mwa Japani, tarehe 15 Agosti 1549. Dini ikaenea, zaidi sana upande wa Nagasaki. Lakini watawala wakaanza kuogopa kwamba nyuma ya mapadri watakuja askari wa wafalme wa Ulaya. Tarehe 5 Februari 1597 watu 26 walisulubiwa juu ya kilima cha Nishizaka, mjini Nagasaki. Kati yao walikuwamo mapadri na watawa, walei, hata watoto. Mwaka 1614 serkali ilikataza dini ya Kristu katika nchi nzima na kuwafukuza mapadri. Wachache walijificha, nao wakakamatwa mmoja mmoja. Mwaka 1644 aliuawa Konishi Mansho, Mjapani, padri wa mwisho aliyebaki akiwahudumia wakristu kwa siri. Tangu hapo kundi lilikaa bila mchungaji.

Serkali haikutosheka. Kila nyumba ilipaswa kuandikwa katika hekalu la dini ya Buda. Tena pale Nagasaki, kila mwaka watu walilazimishwa kukanyaga kwa mguu sanamu ya Yezu ama ya Bikira Maria. Aliyekataa alijulikana kuwa mkristu, akateswa. Wengi walikanyaga. Tusiwahukumu upesi, sisi ambao hatukuwekewa sanamu ile chini ya miguu yetu.

Basi, imani ilikaaje? Wengine wanadhani ilikaa kwa sababu watu wale walikuwa na moyo mgumu kama jiwe. Sivyo. Moyo wa mtu huchoka. Imani ilikaa kwa sababu kazi ziligawanywa. Zamani, kabla ya kufukuzwa, mapadri walikuwa wamewakusanya wakristu katika vyama, na viongozi wa vyama walikuwa walei. Vyama hivyo havikufa. Katika kijiji cha Urakami, karibu na Nagasaki, palikuwa na kazi tatu. Mtu wa kwanza alitunza kalenda, akahesabu siku za sikukuu na za kufunga. Wa pili alibatiza watoto. Wa tatu alipita nyumba kwa nyumba kuwaarifu watu. Mmoja akifa, mwingine alishika nafasi yake. Sala walifundishana kwa mdomo, baba kwa mtoto, pamoja na maneno ya Kilatini na ya Kireno ambayo hawakuyafahamu tena. Mbele ya sanamu ya Kannon, mama wa huruma katika dini ya Buda, walimsalimu Bikira Maria, na jirani hawakutambua kitu.

Tena walikuwa na mafundisho ya majuto kamili. Yalitoka katika kitabu kidogo cha mwaka 1603, kilichonakiliwa kwa mkono na kushikwa kwa moyo. Kilifundisha kwamba mtu asiye na padri anaweza kupata masamaha, kama akijuta dhambi zake kwa kumpenda Mungu, na kama akikusudia kuungama siku padri atakapopatikana. Neno hilo la mwisho ni kubwa, ndugu. Mtu aliyesali hivyo alikiri kila mara kwamba kuna kitu kimepungua. Hakujifanya padri. Hakusema: «Haya tuliyo nayo yatosha.» Alitunza alichopewa, akakumbuka asichokuwa nacho. Mapokeo yao yasema kwamba katekista mmoja, jina lake Bastian, aliwaachia kalenda ya mwaka 1634 pamoja na ahadi hii: vizazi saba vikipita, mapadri waungamishaji watakuja katika merikebu kubwa.

Na kweli walikuja. Japani ilipofungua bandari zake, wageni wa Ulaya waliruhusiwa kujenga kanisa kwa ajili yao wenyewe. Wajapani bado walikatazwa dini. Padri Bernard Petitjean, Mfaransa, na wenzake walijenga kanisa pale Oura, Nagasaki, likabarikiwa mwezi wa Februari 1865. Tarehe 17 Machi, watu wapata 15 wa Urakami walisimama mlangoni. Padri akawafungulia, akaenda kupiga magoti mbele ya altare. Mwanamke mmoja akamkaribia, akamwambia kwa sauti ndogo kwamba mioyo yao na moyo wake ni mamoja. Kisha akauliza sanamu ya Santa Maria iko wapi.

Walipokuwa wakiongea, walimwambia padri kwamba wao wako katika siku ya 17 ya majira ya huzuni. Hesabuni wenyewe, wasomaji. Mwaka ule Pasaka ilikuwa tarehe 16 Aprili, na Jumatano ya Majivu tarehe 1 Machi. Tarehe 17 Machi ilikuwa siku ya 17 ya Kwaresima, sawasawa. Miaka 221 tangu kufa kwa Padri Mansho, na hawakupotea hata siku moja!

Baadaye mbatizaji mmoja, aitwaye Petro, alikuja kumpima padri. Aliuliza kama mapadri hawa wanamtii mkubwa wa Roma, na kama hawaoi. Alipopata jibu, akashukuru. Waliongoja miaka mingi, lakini hawakuwa tayari kumpokea mtu yeyote tu.

Hata hivyo mateso hayakuisha. Mwaka 1867 serkali iliwakamata watu wa Urakami, na katika miaka iliyofuata wapata 3,400 walipelekwa mbali na kwao. Zaidi ya 600 walikufa huko. Mwaka 1873 mabao ya kukataza dini yaliondolewa, na waliobaki wakarudi makwao.

Kuna jambo jingine, na si haki kulificha. Mapadri walipokuja, si wote waliorudi katika Eklezia. Wengine, kwa mfano katika kisiwa cha Ikitsuki, walibaki na desturi walizorithi kwa wazee wao. Tusiwadharau: waliwaheshimu babu zao walioteswa. Lakini habari yao inatugusa sisi makatekista. Mtu akingoja muda mrefu, hatari si moja, ni mbili. Hatari ya kwanza ni kuacha sala. Ya pili ni kuizoea hali ya kungoja hata kusahau ni nani anayengojewa. Mwenye kuingia katika hatari ya pili aweza kusali kila siku.

Basi turudi kijijini kwetu. Katekista asikae katika kiti cha padri, lakini asikiondoe kanisani pia. Kibaki wazi, watoto wakione, waulize ni cha nani. Tuandike majina ya waliobatizwa. Tuwafundishe wagonjwa sala ya majuto. Tugawe kazi, ili mmoja wetu akifa, kalenda isife pamoja naye.

Na yule mzee anayetuuliza padri atarudi lini, tumwambie kweli: hatujui. Lakini siku padri atakaposhuka njiani, akiwa na vumbi miguuni, na kutuuliza leo ni siku ya ngapi ya Kwaresima, mtoto yeyote wa kijiji aweze kumjibu.