CHAJI: kiima cha kitenzi na hitilafu za umeme katika gari la zamani

chaji nm [i-/zi-] 1. nguvu ya umeme iliyohifadhiwa ndani ya betri: *Betri imekwisha chaji.* 2. (katika mazungumzo) kifaa cha kuingizia umeme katika betri ya simu, taz. *chaja*. 3. malipo yanayodaiwa kwa huduma, taz. *ada, tozo*.

chaji kt 1. [ele] ingiza umeme katika betri: *Dinamo inachaji betri.* 2. [sie] (kwa betri) ingiwa na umeme: *Betri inachaji.* Minyambuliko: *chajia, chajika, chajisha, chajiwa*.

Tatizo la matumizi

Kitenzi *chaji* kinatumika kwa namna mbili bila kubadili umbo. Katika namna ya kwanza kiima ni mtenda, yaani kile kinachotoa umeme. Katika namna ya pili kiima ni betri, inayopokea. Kwa simu ya mkononi tofauti hiyo haina madhara makubwa, kwa kuwa mtumiaji huiona chaja na kuibadilisha mara moja. Katika gari hali ni nyingine. Sentensi *Betri haichaji* inaweza kusemwa na mwenye gari ambaye mkanda wa feni umelegea, au brashi za dinamo zimekwisha, au katauti imekwama, au waya umekatika, au betri yenyewe imekufa. Katika hali zote tano kiima kinabaki kuwa *betri*, na msikilizaji huielekeza shaka kwenye betri. Matokeo yake yanafahamika katika gereji nyingi: betri mpya hununuliwa, gari huwaka kwa siku chache, kisha hukataa tena, kwa sababu kilichoharibika hakikuwa kile kilichotajwa.

Kwa hiyo mfasiri wa kitabu cha ufundi, na mwalimu anayetayarisha somo la umeme wa magari, hana budi kujiuliza swali moja kabla ya kuandika: ni nani anayechaji, na ni nani anayechajiwa? Makala haya yanalijibu kwa kufuata hatua za utafutaji wa hitilafu katika gari moja, Land Rover ya Series IIA, iliyotengenezwa Uingereza kati ya mwaka 1961 na 1971 na ambayo Afrika Mashariki inaijua vyema. Magari mengi ya aina hiyo yenye injini ya petroli yalifungwa dinamo ya Lucas C40 pamoja na kisanduku cha kudhibiti chaji.

Majina ya sehemu

*Dinamo, jenereta, alteneta.* Maneno haya matatu si visawe. *Dinamo* ya gari hutoa mkondo mnyoofu moja kwa moja kupitia komyuteta na brashi za kaboni. *Alteneta* hutoa mkondo geu ambao hunyooshwa na daiodi kabla ya kufika kwenye betri. Katika Land Rover ilishika nafasi ya dinamo kwenye Series III, kuanzia mwaka 1971. Mafundi wa zamani huiita dinamo *jenereta*, lakini kwa msomaji wa leo neno hilo humaanisha kwanza mtambo wa kufua umeme wa nyumbani au dukani. Katika maandishi ni salama kuandika *dinamo*, au *jenereta ya gari* palipo lazima. Ikumbukwe pia kwamba *dinamo* ya baiskeli, ambayo wengi huijua tangu utotoni, kwa kawaida hutoa mkondo geu. Jina ni lile lile, kifaa ni kingine.

*Katauti.* Ni swichi ya sumaku inayoiunganisha dinamo na betri pale tu dinamo inapokuwa na volteji inayotosha, na kuitenga pale volteji inaposhuka, ili umeme wa betri usirudi nyuma ukaingia kwenye dinamo. Katika kisanduku cha Lucas RB106, katauti hufunga mzunguko kwenye volti 12.7 hadi 13.3. Ndani ya kisanduku hicho hicho mna *rigeleta*, ambayo kazi yake ni kuzuia volteji isipande kupita kiasi. Gerejini neno *katauti* hutumika kwa kisanduku kizima. Matumizi hayo yanakubalika katika mazungumzo, lakini katika tafsiri ni bora kuandika *kisanduku cha kudhibiti chaji* na kuliacha *katauti* litaje ile swichi peke yake.

*Taa ya chaji.* Ni ile taa nyekundu kwenye dashibodi. Wengi huiita *taa ya betri*, na jina hilo hupotosha. Taa hii haipimi betri; huwaka kunapokuwa na tofauti ya volteji kati ya upande wa dinamo na upande wa betri. Swichi ikifunguliwa kabla ya injini kuwaka, taa lazima iwake. Isipowaka kabisa, huenda globu yake imeungua au waya umekatika. Injini ikizunguka polepole bila kukanyagwa mafuta, taa inaweza kumulika kidogo, na katika gari lenye dinamo hilo si kosa: mwendo huo hauitoshi dinamo kuzalisha volteji ya kuizidi betri. Kosa ni pale taa inapoendelea kuwaka hata injini ikizunguka kwa kasi.

*Athi.* Ni mwili wa gari unaotumika kama njia ya kurudishia umeme. Neno *ardhi* halifai hapa, kwa kuwa gari limesimama juu ya mipira na halina uhusiano wa umeme na udongo.

Hatua za utafutaji, na kitenzi cha kila hatua

1. *Mkanda.* Mkanda wa feni ndio unaoizungusha dinamo. Ukibonyezwa kwa kidole gumba katikati ya puli mbili, uingie takriban sentimita 1. Ukiingia zaidi, au ukiwa umeng'aa kwa kuteleza, sentensi sahihi ni *Dinamo haizunguki inavyopaswa*. Hapa kitenzi *chaji* hakihitajiki kabisa, na kukitumia ni kuruka hatua.

2. *Betri.* Betri ya volti 12 iliyochajiwa kwa chaja ya nje na kupumzishwa saa kadhaa isome volti 12.6 au zaidi. Haidromita iliyotiwa katika kila chumba cha betri yenye maji isome takriban 1.27 hadi 1.28. Chumba kimoja kikiwa chini sana kuliko vingine, betri imeharibika. Katika hatua hii ndipo betri inapostahili kuwa kiima, na Kiswahili kina kauli mbili za kutenganisha makosa mawili. *Betri haichajiki* humaanisha haipokei umeme hata ikipewa. *Betri haitunzi chaji* humaanisha inapokea, kisha inapoteza. Kauli ya pili nayo itumiwe kwa tahadhari, kwa sababu betri nzima inaweza kuisha usiku kutokana na kifaa kilichobaki kikivuta umeme gari likiwa limezimwa. Fundi husema *Kuna kitu kinakula moto*; katika maandishi iwe *Kuna kifaa kinachovuta umeme gari likiwa limezimwa*.

3. *Dinamo.* Nyaya mbili za dinamo, D ambayo ni kubwa na F ambayo ni ndogo, hutolewa. Vichwa vya D na F kwenye dinamo yenyewe huunganishwa kwa kipande kifupi cha waya, na voltimita huwekwa kati ya kipande hicho na mwili wa dinamo. Injini huwashwa na kasi kuongezwa taratibu. Sindano ya mita ipande haraka bila kuyumba, na isiachwe ivuke volti 20. Injini haipaswi kukimbizwa ili kulazimisha usomaji mkubwa. Sindano isiposogea kabisa, brashi na komyuteta hukaguliwa kwanza. Ikisimama karibu na volti 1, shaka huelekezwa kwenye koili za sumaku. Ikisimama kwenye volti 4 au 5, shaka huelekezwa kwenye amecha. Amecha hiyo inaweza *kusukwa* upya, na kitenzi *suka* kwa maana hii ya kuzungushia waya mpya kinastahili kuingizwa katika tafsiri bila kusita. Kauli ya hatua hii ni *Dinamo haizalishi umeme*.

4. *Nyaya na kisanduku.* Dinamo ikifaulu jaribio la tatu, nyaya hurudishwa mahali pake, kila moja kwenye kichwa chake, na ukaguzi huhamia kwenye njia ya kwenda kwenye betri: kama volteji ya dinamo inafika kwenye kichwa D cha kisanduku, kama katauti inafunga, na kama vichwa vya betri ni safi na vimekazwa. Sentensi inayofaa hapa ni *Betri haichajiwi, ingawa dinamo inazalisha umeme*. Kauli ya kutendwa inaiondolea betri lawama na kumfanya msomaji aulize umeme unapotelea wapi.

5. *Ziada.* Maji ya betri yakikauka mara kwa mara na globu zikiungua ovyo, hitilafu ni ya upande wa pili: *Betri inachajiwa kupita kiasi*. Rigeleta huenda imeharibika, au kichwa E cha kisanduku hakina athi nzuri. Mwenye gari ambaye amezoea kusema *haichaji* hana neno tayari kwa hali hii, na hivyo huikosa.

Maneno yenye hatari

*Chanya na hasi.* Land Rover nyingi za Series II na za miaka ya mwanzo ya Series IIA zilitoka kiwandani athi ikiwa upande wa chanya, kinyume cha magari ya leo. Mfasiri akiandika kwa mazoea kwamba *waya hasi huunganishwa kwenye mwili wa gari*, maagizo yake yatamfanya msomaji aifunge betri kinyume. Ni lazima maandishi yaseme *athi chanya* au *athi hasi* kulingana na gari linalozungumziwa, na yamtake msomaji ahakikishe kwa macho, kwa kuwa magari mengi yamebadilishwa baadaye. Dinamo iliyosukwa upya, au iliyohamishwa kutoka athi moja kwenda nyingine, huhitaji kupewa uelekeo wa sumaku kabla ya kutumika: waya wa F hutolewa, kisha kichwa F cha dinamo huguswa kwa muda mfupi sana kwa waya utokao kwenye upande wa betri usio wa athi.

*Moto.* Katika lugha ya gereji, *moto* ni umeme: *Waya huu una moto.* Katika kitabu sentensi hiyo inaweza kusomwa kuwa waya umepata joto, au unaungua. Katika ufundi maana hizo zinahitaji hatua tofauti kabisa. Iandikwe *Waya huu una umeme* kwa maana ya kwanza, *Waya huu umepata joto* kwa maana ya pili, na *moto* libakizwe kwa mwako.

*Jaribu.* Baadhi ya mafundi hujaribu mfumo kwa kuchomoa waya wa betri injini ikiwa inawaka, ili waone kama injini itazima. Maagizo ya aina hiyo yakikutwa katika matini chasili, yasifasiriwe bila onyo. Volteji inaweza kupanda ghafla na kuunguza globu, na katika gari lililowekewa alteneta inaweza kuua daiodi papo hapo.

Upatanisho

Katika Kiswahili sanifu *gari* ni nomino ya ngeli ya [li-/ya-]: *gari halichaji, magari hayachaji*. *Gari haichaji* husikika sana katika mazungumzo, lakini haifai katika maandishi rasmi. Pamoja na usahihi wake wa kisarufi, *gari halichaji* haitaji sehemu yoyote, na ni afadhali itumike kama malalamiko ya awali tu, kabla ya ukaguzi kuanza.

Muhtasari wa kauli

- *Gari halichaji*: malalamiko, sababu haijajulikana.
- *Dinamo haizunguki inavyopaswa*: mkanda au puli.
- *Betri haichajiki*: betri haipokei umeme.
- *Betri haitunzi chaji*: betri inapoteza umeme, baada ya kuthibitishwa kwamba hakuna kifaa kinachouvuta.
- *Dinamo haizalishi umeme*: brashi, komyuteta, koili au amecha.
- *Betri haichajiwi*: dinamo ni nzima, kosa liko kwenye nyaya, katauti au vichwa vya betri.
- *Betri inachajiwa kupita kiasi*: rigeleta au athi ya kisanduku.

Mfasiri anapokutana na sentensi ya kigeni isiyotaja mtenda, asikimbilie *Betri haichaji* kwa kuwa ni fupi na imezoeleka. Asome kwanza aya inayofuata, aone ni kipimo gani kinachoamriwa na kinawekwa wapi, kisha achague kiima kinacholingana na mahali pa kipimo hicho.