Wawili Tu Mbele ya Kasri? Historia ya Picha za Uchumba Katikati ya Umati wa Disneyland

Juni 2022 kuna video fupi ilizagaa mitandaoni mpaka ikawa haikwepeki. Ni Disneyland Paris, mbele ya lile kasri la rangi ya waridi. Kaka kapiga goti, dada kapigwa na butwaa, watu pembeni wanashangilia. Ghafla anatokea mfanyakazi wa bustani, kofia yenye masikio ya panya kichwani, anakwapua kisanduku cha pete mkononi mwa bwana, halafu anawaonyesha washuke ngazi. Kaka anasikika akijitetea kwamba aliomba ruhusa. Anajibiwa kwamba sawa, ila kule chini patapendeza zaidi. Umati ukazomea. Baadaye bustani ikaomba radhi na kusema inawasiliana na wapenzi hao yaishe vizuri.

Huko kwenye komenti, vita. Wengine walisema mfanyakazi ana roho ya kwa nini. Wengine wakauliza, kwani hao wawili ni nani hata wajitwalie jukwaa wakati kuna watu kibao wamelipa kiingilio hicho hicho? Na ukiangalia vizuri, ugomvi wenyewe haukuwa wa pete wala wa adabu. Ulikuwa wa nafasi. Hiyo vita ina umri mrefu kuliko Disneyland yenyewe: wapenzi wawili wanataka mahali paonekane ni pao peke yao, na mahali penyewe pamejengwa ili pajae watu.

Kasri la mfalme aliyekimbia watu

Tuanze na hilo kasri, maana ndilo linalogombewa. Kasri la kwanza la Disney, lile la California, lilichorwa kwa kuangalia kasri la kweli lililoko kusini mwa Ujerumani, Neuschwanstein. Aliyelijenga ni Ludwig II, mfalme wa Bavaria, na ujenzi ulianza mwaka 1869. Huyu bwana hakupenda watu. Alitaka jumba juu ya mlima, mbali na mji, akae na ndoto zake na muziki wa Wagner.

Sasa sikia hii. Miaka miwili kabla, Januari 1867, Ludwig alikuwa amechumbia binti wa ukoo wake, na picha za uchumba zikapigwa. Zipo hadi leo: mfalme kijana mrefu kasimama na mchumba wake, kila kitu kimepangwa, sura zimekaza. Harusi ikaahirishwa, ikaahirishwa tena, na ilipofika Oktoba mwaka huo huo uchumba ukavunjika. Hakuoa maisha yake yote. Yaani babu wa makasri yote ambayo kapo zinayakimbilia kupiga picha za pete alijengwa na mtu ambaye picha zake za uchumba hazikumfikisha popote.

Ludwig alikufa Juni 1886. Wiki chache tu baadaye kasri likafunguliwa kwa watu wa kulipa kiingilio. Leo linapokea zaidi ya watu milioni moja kwa mwaka, na ndani hairuhusiwi kupiga picha. Jumba la kukimbia watu limegeuka jumba la foleni. Marehemu angelia.

Mwezi wa kupakwa rangi

Tabia ya wapenzi kwenda kwenye bustani ya burudani kutafuta picha ilianza kabla ya Disney kujenga chochote. Twende New York, ufukwe wa Coney Island. Mwaka 1897 ilifunguliwa pale bustani iliyoitwa Steeplechase Park, na mwenye nayo alijua kabisa anauza nini. Zama zile kijana na binti wasiooana hawakuruhusiwa kushikana ovyo hadharani. Basi yeye akajaza michezo ya kuwayumbisha na kuwarusha mpaka waangukiane. Mkikumbatiana, lawama ni za mashine.

Mkishatoka hapo, mnakwenda kwa mpiga picha. Mwanzoni mwa karne ya 20 maonyesho na bustani za Marekani zilikuwa na vibanda vyenye mwezi mwandamo mkubwa wa kutengenezwa, umepakwa rangi, wakati mwingine umechorwa macho na tabasamu, na nyuma yake pazia lenye nyota. Wapenzi wanapanda juu ya mwezi, wanakaa, wanapigwa, na picha inatoka kwenye kadi ya posta. Nje ya pazia kuna kelele, wauza soseji, watoto wanalia. Ndani ya picha kuna mbingu na watu wawili. Picha hizo zimebaki nyingi mno, na nyingi hazina jina hata moja nyuma. Nani alimuoa nani, nani aliachwa, haijulikani.

Mambo haya si ya wazungu tu. Mombasa, miaka ya 1990, karibu na kivuko cha Likoni, palikuwa na vibanda vya wapiga picha vilivyopambwa kwa mandhari ya kuchora: meli, ndege, miji ya maghorofa. Umati wa feri unapita hatua chache tu kutoka hapo, mabegi kichwani, na wewe na mtu wako mmesimama mbele ya meli ya rangi kama vile ndiyo kwanza mnaondoka fungate. Pazia lilifanya kazi ile ile kama ya Coney Island. Lilikata watu.

Pazia linajengwa kwa saruji

Walt Disney alipoanza kuota bustani yake, hakutaka kabisa ifanane na Coney Island. Aliona uchafu na fujo. Alitaka pa familia, pasafi, papangwe. Disneyland ilifunguliwa Anaheim, California, tarehe 17 Julai 1955, na siku ya kwanza tu mpango ukavurugika: ilikuwa siku ya waalikwa, lakini tiketi feki zikatembea na zaidi ya watu 28,000 wakaingia. Lami ilikuwa bado mbichi kwa joto, visigino vya akina mama vikawa vinazama. Kabla mwaka haujaisha, wageni walishapita milioni moja.

Lakini kuna kitu alikipatia sana. Mlangoni unaingilia barabara moja, na mwisho wa barabara hiyo macho yako yanakutana na kasri. Limewekwa pale makusudi, likuvute. Lina urefu wa mita 23 hivi tu, ila limejengwa kwa ujanja: mawe ya chini makubwa, ya juu madogo, jicho linadanganyika kwamba linapanda mbali sana. Kasri la Florida, lililokuja na Walt Disney World mwaka 1971, lina mita 58 au hivyo, na ujanja ni ule ule. Ni pazia la mpiga picha, ila hili unaweza kutembea ndani yake.

Na kampuni ya filamu za picha haikulala. Kodak ilikuwa miongoni mwa wadhamini tangu mwanzo, ikawa na duka lake kwenye ile barabara ya mlangoni. Baadaye vibao vya Kodak vikasimikwa sehemu mbalimbali za bustani za Disney kukuonyesha mahali pazuri pa kupigia picha. Ukifikiria, hicho kibao ndicho kilichotengeneza tatizo la leo. Watu maelfu, kila mmoja na familia yake, wakaelekezwa wasimame mahali pamoja na kuangalia upande mmoja. Mwaka 2012 Kodak wenyewe wakakimbilia mahakamani kujikinga na wadai wao, na udhamini wao kwa Disney ukaisha. Mazoea ya watu hayakufilisika. Mpaka kesho watu wanasimama pale pale.

Upande wa uchumba, kwa miaka mingi magazeti ya Marekani yalitangaza habari hizo kwa picha ya binti peke yake, kapambwa, mchumba hayupo kabisa. Picha ya wawili nje ya studio, wakicheka, wakishikana mikono mahali wanapopapenda, ikashamiri kamera za kidijitali zilipofanya kila picha ya ziada iwe bure. Mwaka 1991 Disney nao wakaanza biashara rasmi ya harusi Florida. Instagram ilipoingia mwaka 2010, ikawa sasa si ya albamu ya sebuleni tena. Ni ya watu wote.

Utupu una bei

Magic Kingdom, bustani ya Florida yenye lile kasri refu, ilikadiriwa kupata wageni zaidi ya milioni 17 mwaka 2023. Gawanya mwenyewe: wastani unazidi watu 48,000 kila siku. Sasa tafuta picha ambayo haina mtu nyuma yako. Hakuna bahati hapo, kuna mbinu.

Mbinu ya kwanza ni pesa. Disney huuza nafasi kwa maharusi na wachumba kupiga picha alfajiri kabla milango haijafunguliwa. Kwa hiyo ukiona picha ya kapo mbele ya kasri, uwanja mweupe hauna hata njiwa, jua linachomoza, usiseme wana bahati. Wamelipia. Wasio na hizo wanapanga foleni mlangoni kabla hapajakucha vizuri ili wawe wa kwanza kukimbia ndani, au wanasubiri usiku hadi wanakaribia kufukuzwa. Kuna na wapiga picha wanaokata tiketi kama wageni wengine na kubeba kibegi kidogo, maana sheria za bustani hazitaki biashara ya picha bila kibali, wala stendi kubwa za kamera. Fimbo za selfi zilipigwa marufuku tangu mwaka 2015, na hapo kusema kweli waliojeruhiwa paji la uso kwenye foleni walishukuru.

Mwaka 2020 ilionekana kama ndoto imetimia. Bustani ya Florida ilifungwa Machi kwa sababu ya korona, ikafunguliwa Julai kwa watu wachache mno. Uwanja mtupu, kasri mbele, hakuna kusukumana. Ila barakoa ilitakiwa ibaki usoni hata wakati wa picha, hadi mwaka uliofuata. Kapo zilipata utupu, zikakosa nyuso.

Mbinu ya pili ni ya zamani kuliko zote, na ni tamu. Mwaka 1838 Mfaransa Louis Daguerre alielekeza kamera yake kwenye barabara moja ya Paris iliyojaa watu na magari ya farasi. Kamera za wakati ule zilihitaji kukaa wazi dakika kadhaa ili picha ishike. Kila aliyekuwa anatembea alipotea, hakuacha hata kivuli. Ukiiona leo, barabara ni tupu kama siku ya amri ya kutotoka nje. Wamebaki watu wawili tu kwenye kona, mmoja anang'arishwa viatu na mwingine anang'arisha, kwa sababu walitulia. Ndio binadamu wa kwanza wanaojulikana kuonekana kwenye picha, na majina yao hayapo.

Wapiga picha wa leo wanafanya hivyo hivyo. Wanaweka kioo cheusi mbele ya lenzi, kamera inabaki wazi kwa sekunde nyingi, wachumba wanaambiwa wagande kama sanamu. Umati unaopita unayeyuka, unakuwa ukungu kando ya mapenzi yao. Anayeweza kutulia ndiye anayebaki. Shida ni kupumua.

Mbinu ya tatu iko mfukoni mwa kila mtu. Oktoba 2021 Google walitoa simu za Pixel 6 zenye kifaa cha kufuta watu kwa kidole, na miaka mitatu baadaye iPhone nao wakaja na chao. Unagusa mama mwenye gari la mtoto, anatoweka. Unagusa babu na kofia yake, anatoweka. Haihitaji kuamka alfajiri, haihitaji pesa ya Disney, haihitaji kuganda. Ndiyo maana siku hizi picha za kasri zimekuwa nyeupe hivyo, hata zile zilizopigwa Jumamosi mchana.

Tatizo ni kwamba hao watu wa nyuma nao wana habari zao.

Kuna wapenzi wawili Marekani ambao habari yao ilitangazwa sana miaka ya nyuma. Wiki moja hivi kabla ya harusi yao walikuwa wanapekua picha za zamani za familia. Wakafika kwenye picha moja ya mwaka 1980, ya bibi harusi akiwa mtoto wa miaka mitano, yuko Walt Disney World na ndugu zake, wamesimama na mmoja wa wale watu wanaovaa kama wahusika wa katuni. Nyuma yao watu wanapita, kama kawaida ya pale. Bwana harusi akaikazia macho. Yule mwanamume wa nyuma anayesukuma kigari cha mtoto anamfahamu. Ni baba yake. Na mtoto aliyemo kwenye kigari ni yeye mwenyewe.

Wakati ule familia ya kijana haikuishi hata Marekani. Walikuwa wamekuja kutembea tu, wakapita nyuma ya familia ya binti kwa sekunde moja, kamera ikalia, kila mmoja akaenda zake. Wakakutana ukubwani, wakapendana, wakachumbiana, bila kujua. Aliyepiga ile picha alitaka wanawe na mtu wa katuni. Hakuwa na kifaa cha kufuta.