Stika za Muuzaji Zilivyopoteza Heshima Nairobi

Ukitoka Adams Arcade ukafuata Ngong Road, ukapita Dagoretti Corner na uwanja wa mbio za farasi ukielekea Karen, yadi za magari zinakufuata kama zimepangwa kukusindikiza. Mengi ya magari yanayoitwa mapya huko yametembea Japani miaka sita au saba kabla ya kupanda meli. Mnunuzi akishalipa, gari hutoka langoni likiwa na stika ya yadi kwenye kioo cha nyuma, na mara nyingi fremu ya plastiki yenye jina na nambari ya simu kuzunguka namba pleti. Haichukui muda kabla mwenye gari hajaanza kutafuta mtu wa kubandua. Katika mtaa kama Karen, gari lenye nambari ya simu ya muuzaji kwenye buti hutazamwa kama suti ambayo mwenyewe amesahau kutoa lebo ya mkononi.

Haikuwa hivi zamani. Kwa miongo kadhaa jina la muuzaji lilikaa garini mpaka gari likaoza, na mwenye gari hakuona haya. Wengi wangemkasirikia fundi ambaye angelifuta.

Desturi ya muuzaji kuweka jina lake ina umri unaokaribiana na wa biashara ya magari yenyewe. Mwanzoni lilikuwa kipande cha shaba au alumini kilichopigwa ribiti karibu na dashibodi, chenye jina la duka na mji. Kukitoa kulihitaji bisibisi na moyo mgumu, kwa sababu kilichobaki ni matundu. Mambo yalirahisika mwaka 1935, Mmarekani R. Stanton Avery alipoanza kutengeneza lebo zinazojishika zenyewe bila kulowanishwa. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, mpiga chapa wa Kansas City aitwaye Forest Gill alichanganya gundi ya aina hiyo na wino unaong'aa, akatoa stika za bampa. Tangu hapo, kuandika kwenye gari la mtu kukawa kazi ya sekunde chache na gharama yake kidogo mno.

Nairobi ya wakati huo ilikuwa ikijenga majina yake. Kanali David Dobie alianzisha kampuni ya D.T. Dobie mwaka 1949, na ndiyo iliyokuja kujulikana kwa Mercedes-Benz na Datsun. Cooper Motor Corporation, ambayo kila mtu aliiita CMC, ilishika Land Rover na Volkswagen. Zote mbili zilikuwa Lusaka Road, eneo la viwanda. Jina la mojawapo nyuma ya gari lilimweleza mtu mambo mawili: kwamba gari lilinunuliwa likiwa jipya kabisa, na kwamba likivunjika ekseli huko Kitale au Voi, kuna stoo inayojua nambari ya kipuri chake. Kwa mkulima ambaye barabara yake ilikuwa ya udongo mwekundu, hilo la pili lilizidi la kwanza.

Mbio za magari za Safari zilikoleza heshima hiyo. Zilianza mwaka 1953 kwa jina la Coronation Safari, na hapo ndipo Wakenya walipozoea kuona gari lililojaa maandishi likishangiliwa badala ya kuchekwa. Datsun ya Edgar Herrmann iliposhinda mwaka 1970, ushindi huo uliuza Datsun kuliko tangazo lolote la gazetini. Joginder Singh alishinda mwaka 1965 akiendesha Volvo, kisha 1974 na 1976 akiendesha Mitsubishi Lancer. Watoto walizijua stika za milangoni kama walivyojua majina ya wachezaji wa kandanda. Stika ilikuwa na kazi iliyofanyika nyuma yake, nayo ilikuwa kazi ya matope na usiku usio na usingizi.

Katikati ya miaka ya 1970 vikaja viwanda vya kuunganisha magari: Leyland mjini Thika, General Motors Nairobi, na Associated Vehicle Assemblers Mombasa. Serikali ililinda kazi hizo kwa kubana uagizaji wa magari yaliyokamilika. Kwa hiyo mnunuzi hakuwa na pa kukimbilia: alikwenda kwa wakala, akasubiri zamu yake, akalipa, akapewa gari lenye jina la wakala. Nikiangalia nyuma, naona heshima ya stika zile ilichangiwa sana na uhaba. Ni rahisi kulipenda jina la duka lililo peke yake.

Mwaka 1993 serikali iliondoa leseni za uagizaji, na udhibiti wa fedha za kigeni nao ukalegezwa. Mlango ukafunguka. Magari yaliyotumika Japani, yenye usukani upande wa kulia kama yetu, yakaanza kushuka Mombasa kwa wingi, na yadi zikaota Ngong Road, Kilimani na Mombasa Road. Baadaye kiwango cha KS 1515:2000 cha Shirika la Viwango, KEBS, kikaweka kikomo cha umri: gari lisizidi miaka minane tangu kusajiliwa kwa mara ya kwanza. Toyota iliyowahi kuuzwa na wakala mmoja sasa ilikuwa na wauzaji mia, wengi wao wakiwa na eneo la kukodi, kibanda cha mabati na simu. Stika zao hazikuahidi vipuri wala karakana. Ziliahidi nambari ya simu tu.

Imani ikahamia kwa maandishi ambayo hakuna aliyeweza kuyasoma.

Ukilichungulia gari lililoshuka juzi utaona namna. Kwenye kioo cha nyuma kuna stika ndogo ya duara, upana wake kama sentimita nne. Hiyo ni alama ya polisi wa Japani kwamba mwenye gari alithibitisha ana mahali pa kuliegesha. Sheria ya kumtaka athibitishe ni ya mwaka 1962, na stika ilianza kutolewa 1991. Kando yake kuna nyingine ya mviringo yenye nyota nne: maana yake ni kwamba moshi wa gari ni pungufu kwa asilimia 75 kuliko kiwango cha mwaka 2005. Kwenye kioo cha mbele kuna kidude cha mraba chenye tarakimu; kwenye gari lililoshuka miaka kadhaa nyuma, tuseme 28. Hicho ni cha ukaguzi wa lazima, na 28 ni mwaka wa 28 wa enzi ya Heisei, yaani 2016. Ukifungua mlango wa dereva, ubavuni unakuta karatasi ya fundi wa Japani aliyeandika siku ya kubadilisha oili na kilomita zilizosomwa. Na ukiwasha, sauti ya kike inakuarifu kwa Kijapani kwamba hujaweka kadi ya kulipia barabara kuu.

Wenye magari wengi wa Nairobi waliacha vyote hivyo mahali pake, miaka na miaka. Stika ya polisi wa Osaka ilisema gari halijapitia mikono ya hapa. Dalali naye alijua hivyo, na aliionyesha kwa kidole kabla hata ya kufungua boneti. Ukweli ni kwamba stika ya maegesho haikuambii lolote kuhusu injini. Ile karatasi ya oili mlangoni ndiyo yenye faida, kwa kuwa kilomita zilizoandikwa pale zikizidi zile za dashibodi, umeshajua kuna mtu alirudisha mita nyuma. Cha ajabu, hiyo ndiyo watu hubandua kwanza, kwa sababu inachafua mlango.

Kubandua kwenyewe kuna ufundi. Anayejua hupasha stika joto kwanza, kwa draya ya nywele au kwa kuliacha gari juani mchana, kisha huinua kona kwa ukucha au kadi ya simu iliyokwisha na kuivuta polepole, karibu kulala juu ya rangi. Gundi inayobaki hulainishwa kwa mafuta ya taa au spiriti, ikafutwa, ikaoshwa kwa sabuni. Herufi za plastiki zilizogundishwa kwenye buti hukatwa kwa nyuma na uzi wa kuvulia samaki. Asiyejua huchukua wembe. Juu ya kioo cha mbele wembe hausumbui sana. Kioo cha nyuma ni habari nyingine: ile mistari myembamba ya kahawia iliyo upande wa ndani ni waya za kupasha kioo ili kisizibwe na ukungu, na wembe ukikata mmoja, asubuhi ya Julai, baridi ya Karen ikishuka kutoka Ngong, utaona ufito wa ukungu usioondoka. Hata stika iliyotoka vizuri huweza kuacha kivuli. Rangi iliyokuwa chini yake haikupigwa na jua la mji ulio karibu mita 1,800 juu ya bahari, kwa hiyo jina la yadi hubaki likisomeka, na hapo huhitajika kupiga polishi.

Nchini Marekani, sheria ya mwaka 1958, iliyoletwa na seneta Mike Monroney, inalazimisha gari jipya kuwa na karatasi ya bei dirishani, na hairuhusiwi kuondolewa mpaka gari limfikie mnunuzi. Kwetu sheria imeshughulika zaidi na stika za serikali yenyewe. Leseni ya barabara iliyokuwa ikibandikwa kiooni ilifutwa mwaka 2006, na tozo ya mafuta ikapanda kutoka shilingi 5.80 hadi 9 kwa lita kufidia. Miaka miwili kabla, sheria za waziri John Michuki zilikuwa zimeyafuta maandishi ya matatu na kuweka mstari mmoja wa manjano wa milimita 150. Na kampuni inayopaka jina lake kwenye gari la kusambazia mikate hutozwa ada na Kaunti ya Nairobi. Lakini yadi inayotumia buti la gari lako kama bango hailipi mtu, wewe ukiwemo. Sioni kwa nini mnunuzi aone aibu kuomba iondolewe kabla ya kutia saini. Kwenye yadi nyingi kazi hiyo haifiki dakika kumi, tena na fremu wanaitoa.

Kuna maandishi ambayo mwenye gari huyaongeza mwenyewe. Akishabandua jina la yadi, huenda Kirinyaga Road, ile iliyoitwa Grogan zamani, akachorewa namba ya gari kwenye vioo vya pembeni, taa na madirisha, ili mwizi asipate pa kuviuza. Karen hawajaepushwa na hilo. Hata magari ya bei ya nyumba hupita Dagoretti Road yakiwa na namba zilizochongwa kwenye kila kioo.

Kuhusu majina ya zamani, CMC ilinunuliwa na Al-Futtaim ya Dubai mwaka 2014, na Januari 2025 ikatangaza kwamba inafunga shughuli zake Kenya, Uganda na Tanzania. Dobie iko ndani ya kampuni ya CFAO. Kwenye maonyesho ya magari ya Concours d'Elegance katika uwanja wa farasi wa Ngong Road, waamuzi hukagua mpaka chini ya gari. Mwenye gari la miaka ya 1960 aliyehifadhi stika halisi ya wakala wake angefanya ujinga kuibandua. Nayo Japani imeacha kutoa ile stika ya duara tangu tarehe 1 Aprili 2025. Kwa kikomo chetu cha miaka minane, magari ya mwisho kuwa nayo yataweza kushuka Mombasa mpaka karibu mwaka 2032, na yadi italazimika kutafuta kitu kingine cha kumwonyesha mteja kwa kidole.