Wenye Funguo za McMillan

Simba wawili wa mawe wanalinda ngazi za Maktaba ya McMillan, hatua chache kutoka Msikiti wa Jamia katikati ya Nairobi. Jengo lilifunguliwa mwaka 1931. Lady Lucie McMillan alilisimamisha kwa kumbukumbu ya mumewe, Sir William Northrup McMillan, tajiri mzaliwa wa St. Louis, Marekani, ambaye mwaka 1909 alimkaribisha Theodore Roosevelt katika shamba lake la Juja, rais huyo mstaafu wa Marekani alipokuja kuwinda. Shirika la Carnegie la New York nalo lilitia mkono mfukoni. Ndani kukawekwa vitabu, pembe za ndovu na baadhi ya samani zilizokuwa za Karen Blixen.

Mwafrika hakuruhusiwa kuketi humo na kusoma. Ikawa hivyo hadi mwaka 1958, Baraza la Jiji lilipoichukua maktaba na kufungua milango kwa wote. Jengo lenyewe lina sheria yake mahususi ya bunge, jambo ambalo majengo machache sana nchini yanaweza kujivunia. Sheria, hata hivyo, haizibi paa linalovuja wala kununua vitabu vipya. Miongo ilipita, rafu zikashika vumbi, na wanafunzi wengi walioingia humo walibeba madaftari yao wenyewe. Walichofuata ni meza na utulivu.

Mwaka 2017 wanawake wawili, Wanjiru Koinange na Angela Wachuka, waliunda shirika lisilo la faida liitwalo Book Bunk. Shabaha yao ilikuwa moja: kuifufua McMillan pamoja na matawi yake mawili ya Eastlands, Kaloleni na Makadara. Mwaka uliofuata wakaingia makubaliano na Kaunti ya Nairobi. Koinange ni mwandishi. Riwaya yake, The Havoc of Choice, inahusu machafuko ya baada ya uchaguzi wa 2007. Wachuka alikuwa ameongoza Kwani Trust, na hapo ndipo habari hii inapopata mizizi mirefu kuliko miaka ya Book Bunk yenyewe.

Kwani Trust ilizaliwa kutokana na kundi la waandishi waliomzunguka Binyavanga Wainaina, mshindi wa Tuzo ya Caine ya 2002. Toleo la kwanza la jarida lao, Kwani?, lilitoka mwaka 2003, Kenya ikiwa imetoka tu kwenye uchaguzi uliohitimisha utawala wa Rais Moi. Lilipokea lugha ya mitaani ya Sheng, picha, hadithi na makala ambazo wachapishaji wa vitabu vya shule wasingezigusa. Wakfu wa Ford ulisaidia kulipa gharama. Hapo ndipo penye mgogoro wa kudumu wa kazi hizi: msomaji ni wa hapa, mlipaji yuko ng'ambo.

Mgogoro huo ni wa zamani. Mwaka 1963 mwandishi wa Afrika Kusini aliyekuwa uhamishoni, Es'kia Mphahlele, alianzisha Kituo cha Utamaduni cha Chemchemi mjini Nairobi. Aliendesha warsha za uandishi na maigizo, akawasogelea vijana wa shule badala ya kuwangoja wamfuate mjini. Kituo kiligharimiwa na Kongamano la Uhuru wa Utamaduni, lenye makao yake Paris. Miaka michache baadaye, Mphahlele akiwa ameshaondoka, magazeti yalifichua kwamba nyuma ya Kongamano hilo zilikuwapo fedha za shirika la ujasusi la Marekani, CIA. Wengi waliotoa jasho lao katika kazi hizo hawakuwa wakijua. Kuwatia wote kapu moja na majasusi ni kuwaonea; kusema chanzo cha fedha hakina maana nako ni kujifanya hamnazo.

Mchoraji Elimo Njau, mzaliwa wa Kilimanjaro aliyesomea Makerere, alipita njia nyingine. Mwaka 1965, pamoja na wenzake akiwamo mshairi Jonathan Kariara na mwanahabari Hilary Ng'weno, alianzisha Paa ya Paa, mahali pa picha, mashairi na mijadala. Baadaye ilihamia Ridgeways, pembezoni mwa jiji. Mwaka 1997 moto uliteketeza sehemu kubwa ya kazi zilizokusanywa kwa miongo mitatu. Njau na mkewe Phillda waliendelea palepale.

Book Bunk wana mshirika ambaye Chemchemi na Paa ya Paa hawakuwa naye: serikali. Majengo ni ya umma na wakutubi ni watumishi wa kaunti, ilhali fedha za ukarabati hutafutwa na shirika kwa wafadhili na kwa karamu za kuchangisha. Kila gavana akibadilika, au afisa mmoja tu akihamishwa, mazungumzo yanaanza upya.

Walianza na matawi madogo, na huo ulikuwa uamuzi wa busara. Kaloleni ni mtaa uliojengwa miaka ya 1940 kwa ajili ya Waafrika, na maktaba yake inawafaa zaidi watoto wa jirani kuliko watafiti. Kuna ukuta wa kupakwa rangi, lakini pia kuna kazi isiyopigwa picha: kuteremsha kitabu kimoja kimoja, kukipangusa, kuandika jina, mwandishi na mwaka, kisha kuamua kama kinastahili kubaki. Rafu zilizopangwa na wakoloni huwa na mengi kuhusu Uingereza na machache kuhusu Ukambani. Swali la nani anachagua vitabu linajibiwa hapo, kwa kitambaa cha vumbi mkononi.

Oktoba 2023 Mfalme Charles wa Uingereza, akiwa ziarani Kenya, alifika katika tawi la Makadara, liitwalo Maktaba ya Eastlands, akapokewa na akina Wachuka. Januari 2025 filamu ya Maia Lekow na Christopher King, How to Build a Library, ilionyeshwa kwa mara ya kwanza katika tamasha la Sundance, Marekani. Watengenezaji waliwafuata Koinange na Wachuka kwa takriban miaka minane. Muda mwingi wa filamu hauendi kwenye vitabu, bali kwenye vikao, viongozi wa kaunti na hesabu za fedha ambazo hazijapatikana.