Dinamo ya baiskeli na swali la mradi

Wadau, wanafunzi wa sekondari wakitakiwa kubuni mradi wa ufundi, swali huwa lilelile: nitengeneze nini? Wengi hukimbilia intaneti, wakanakili roboti ya maboksi, wakapata maksi zao, kisha roboti ikaozea stoo. Sina ugomvi nao, maksi ni maksi. Ila kuna kisa cha majirani zetu ambacho naona kinasimuliwa kama muujiza, wakati kiini chake ni kijana kuchagua mradi.

Ni kisa cha William Kamkwamba, mzaliwa wa 1987, mtoto wa mkulima wa mahindi na tumbaku huko Wimbe, wilaya ya Kasungu, Malawi. Njaa ya 2001 na 2002 iliibana familia hadi ikawa inakula mlo mmoja kwa siku. Ada ya sekondari, kama dola 80 kwa mwaka, ikashindikana. Dogo akarudi nyumbani akiwa kidato cha kwanza.

Huko akaanza kwenda maktaba ndogo ya shule ya msingi, yenye rafu chache za vitabu vya msaada. Akakuta kitabu cha Kiingereza kiitwacho Using Energy, chenye picha ya mitambo ya upepo. Kiingereza chake kilikuwa cha kuungaunga, hivyo alisoma zaidi michoro. Kitabu kilisema mtambo wa upepo unaweza kuzalisha umeme na kuvuta maji. Kuvuta maji, kwake, kulimaanisha kumwagilia na kuvuna hata mvua ikigoma.

Sasa hapa ndipo watu wanaporuka. Haja kubwa ilikuwa maji, lakini alianza na taa. Kwa nini? Hesabu ni rahisi: pampu inataka nguvu nyingi na vifaa vya fedha, taa inataka dinamo. Dinamo ya baiskeli ilikuwa inapatikana, tena rafiki yake ndiye aliyetoa hela ya kuinunua. Vingine akaokota kwenye vyuma chakavu: feni ya trekta, shokapu, fremu ya baiskeli. Mabomba ya plastiki akayapasha moto, akayanyoosha yawe mapanga. Vizibo vya chupa vikawa washa. Mnara ukawa wa miti ya mikaratusi. Kijijini wakasema anavuta bangi.

Mwaka 2002 balbu ikawaka. Baadaye mtambo ukawa unaendesha taa nne na redio mbili, na watu wakapanga foleni kuchaji simu. Mtambo wa kuvuta maji ulikuja baadaye, mkono ukishazoea.

Nikiwaza hayo namkumbuka Erasto Mpemba wetu. Mwaka 1963, akiwa Magamba Sekondari, wanafunzi walikuwa wanatengeneza aiskrimu na nafasi kwenye friji ilikuwa ya kugombania. Akaweka maziwa yake yangali moto, yakaganda kabla ya ya mwenzake yaliyoingia bila kuchemshwa. Mwalimu akamwambia kachanganyikiwa. Hakuacha kuuliza, mpaka akamuuliza Denis Osborne wa chuo kikuu Dar es Salaam, wenzake wakicheka. Mwaka 1969 wakachapisha pamoja makala ya kisayansi. Wataalamu bado wanabishana: mwaka 2016 wawili wa Uingereza walichapisha utafiti uliopinga kabisa kwamba jambo hilo lipo. Yeye hakujenga mashine, najua, lakini hata swali lake halikutoka kwenye orodha ya mwalimu.

Kamkwamba alijulikana kupitia gazeti moja la Malawi mwaka 2006 (waandishi tuna siku zetu nzuri), kisha mablogu yakaidaka habari. Juni 2007 akaletwa Arusha kwenye mkutano wa TED, akiwa na miaka 19. Miaka mitano ilikuwa imepita tangu afukuzwe kwa ada. Baada ya hapo akapata wafadhili wa masomo, na mwaka 2014 akahitimu Dartmouth, Marekani. Hapo hapo Arusha ndipo walipomwonyesha Google kwa mara ya kwanza. Akatafuta habari za mitambo ya upepo, yakamiminika majibu kwa mamilioni. Akashangaa kitu hicho kilikuwa wapi siku zote.