Sindano Elfu Arobaini na Mbili

Mwaka 1980 mwanahistoria mmoja wa Toronto, Michael Bliss, alikuwa anaandika kitabu kuhusu kugunduliwa kwa insulini. Mkononi alikuwa na majina ya wagonjwa wa mwanzo kabisa, wale waliodungwa mwaka 1922, na mtu yeyote angedhani wote wameshatangulia mbele ya haki. Kumbe mmoja yupo. Ni bibi wa miaka sabini na ushei, mama wa watoto watatu, jina lake Elizabeth Gossett. Alikubali kuzungumza kwa sharti moja: jina lake lisiandikwe.

Nimekuwa nikimfikiria sana bibi huyu tangu Desemba, kwa sababu ya shangazi yangu. Nitafika huko.

Elizabeth alizaliwa Agosti 1907, baba yake Charles Evans Hughes akiwa gavana wa jimbo la New York. Baba huyo baadaye akawa Waziri wa Mambo ya Nje wa Marekani, kisha Jaji Mkuu. Yaani hii haikuwa nyumba ya kukosa kitu. Binti alipofika miaka 11 akaanza kiu isiyoisha, kukojoa kila saa, kukonda huku anakula. Kisukari. Mwaka 1919 mtoto mwenye kisukari cha aina ile, ambapo kongosho halitoi tena insulini, alihesabiwa kuwa na mwaka mmoja wa kuishi, pengine miwili, na pesa za baba hazikuweza kubadili hesabu hiyo.

Kilichokuwepo ni njaa. Naomba msomaji alichukue neno hili kama lilivyo. Daktari bingwa wa wakati ule, Frederick Allen, alikuwa amegundua kwamba ukimpunguzia mgonjwa chakula hadi karibu na kumnyima kabisa, sukari mwilini inashuka na anaishi muda mrefu zaidi. Mboga zilichemshwa mara tatu, maji yakimwagwa kila mara, ili wanga uishe. Kila kipande kilipimwa kwenye mizani, na kila wiki kulikuwa na siku ya kufunga. Allen mwenyewe ameandika habari za mtoto mmoja kipofu, mgonjwa wake wa miaka 12, ambaye sukari yake ilikuwa inapanda bila sababu kujulikana. Walipochunguza wakakuta alikuwa anakula dawa ya meno, na mbegu za ndege aliyemwomba afugiwe chumbani.

Elizabeth yeye hakuiba, au aliiba kwa nadra mno. Alishika masharti kwa ukaidi ambao kwa kweli unanitisha kidogo. Siku yake ya kuzaliwa, keki ilikuwa boksi la kofia lililofunikwa karatasi za waridi na nyeupe, juu mishumaa inawaka. Wenzake wakienda mandari wakala nyama, samaki, mahindi na tikiti, yeye alikuwa na kikaango chake kidogo cha kukaangia yai. Alisoma vitabu kwa wingi na kumwandikia mama yake barua ndefu zilizojaa mipango ya safari na mambo atakayofanya akiwa mkubwa. Anayapanga hayo mtu mwenye uzito wa mtoto wa miaka sita.

Kuna kitu kingine katika maisha yao ya kila siku ambacho wasomaji wangu wengi wanakifahamu bila kujua. Unaikumbuka ile dawa ya buluu ya Benedict, kwenye maabara ya Baiolojia? Unaweka kwenye chakula, unachemsha, kama kuna glukosi inageuka kijani, njano, mpaka rangi ya tofali. Sisi tuliicheza kwa ajili ya mtihani. Wagonjwa wa kisukari wa enzi zile waliipika nyumbani pamoja na mkojo wao, siku baada ya siku, wakisubiri waone ni rangi gani itatoka. Ikitoka buluu, leo una kijiko kimoja zaidi. Ikitoka nyekundu, kesho hakuna chakula.

Huko Toronto, Januari 1922, kijana wa miaka 14 aitwaye Leonard Thompson alichomwa sindano ya kwanza ya kitu kilichotolewa kwenye kongosho la ng'ombe. Haikumfaa sana. Siku 12 baadaye, baada ya mkemia James Collip kuisafisha zaidi, alichomwa tena, na safari hii sukari ikashuka. Habari za Banting, Best, Macleod na ugomvi wao zimeandikwa mahali pengi, sitazirudia. Linalonihusu mimi ni kwamba miezi ile insulini ilikuwa haba mno. Mama yake Elizabeth alimwandikia Banting mwezi Julai akaambiwa dawa hakuna. Agosti nafasi ikapatikana. Kama jina la baba lilisaidia au halikusaidia, kila mtu aamue mwenyewe. Mimi nasema tu kwamba mwezi ule walikuwepo watoto wengi waliobaki mifupa, na baba zao hawakuwa mawaziri.

Agosti 16, 1922, siku tatu kabla ya kutimiza miaka 15, Elizabeth alifikishwa mbele ya Banting. Uzito kilo 20. Urefu kama sentimita 152. Ngozi imekauka, nywele zimenyonyoka, kutembea kwa taabu. Akaanza sindano mara mbili kwa siku, na zile hazikuwa sindano za leo zenye ncha ya unywele. Dawa yenyewe ilikuwa nyingi na chafu, inaacha uvimbe na maumivu. Ndani ya wiki chache alikuwa anakula mkate mweupe, wa kwanza kwa zaidi ya miaka mitatu. Akala viazi. Akala makaroni na jibini. Uzito ukapanda kila wiki. Novemba akarudi nyumbani, na sindano alikuwa anajidunga mwenyewe.

Hapa ndipo hadithi nyingi za insulini huishia, mtoto anakula mkate na sote tunafuta machozi. Kwangu mimi ndipo inapoanza, maana alikuwa na miaka 58 mbele yake.

Alifanya nini nayo? Alisoma, akahitimu Barnard College mwaka 1929, akaolewa mwaka uliofuata na mwanasheria, akazaa watatu, akashiriki kuanzisha chama cha kuhifadhi historia ya Mahakama Kuu ya Marekani, ile ile ya baba yake. Na akaficha. Mumewe alijua, lakini marafiki wa miaka na miaka hawakujua. Katika karatasi za baba yake aliondoa kila palipotajwa ugonjwa wake, moja baada ya moja. Msichana ambaye barua zake ni kati ya ushahidi mzuri kuliko wote tulio nao kuhusu kisukari kabla na baada ya insulini, alitumia utu uzima wake kuhakikisha hakuna anayejua. Alifariki Aprili 1981, na kitabu cha Bliss kilipotoka mwaka 1982 jina lake likaandikwa. Waliopiga hesabu wanasema alichomwa karibu sindano 42,000.

Ni rahisi kumlaumu, hasa ukimweka karibu na Robin Lawrence, daktari Mwingereza aliyepatwa na ugonjwa huo huo mwaka 1920. Huyu alikwenda zake Florence, Italia, ili asifie mbele ya jamaa zake. Mwaka 1923 rafiki yake akampigia simu ya maandishi kwamba dawa imepatikana, arudi upesi, naye akarudi Uingereza akiwa hoi. Lawrence hakuficha. Aliandika kitabu cha kuwafundisha wagonjwa na madaktari namna ya kuishi na kisukari, akatengeneza mpango rahisi wa kupima chakula, na mwaka 1934 yeye na mgonjwa mwenzake, mwandishi H. G. Wells, wakaanzisha chama cha wagonjwa wa kisukari.

Zamani ningesema Lawrence ndiye shujaa, basi. Siku hizi sina hakika. Lawrence alikuwa daktari, kisukari kilikuwa kazi yake pia. Elizabeth tangu miaka 11 alikuwa mtoto wa kuhurumiwa, kila kijiko chake kikitazamwa na watu wazima. Mtu kama huyo akitaka kuingia chumbani awe mgeni kama wageni wengine, namwelewa.

Lakini kuficha kuna gharama. Desemba, kwenye harusi moja Ngamiani, Tanga, shangazi yangu alianza kutokwa jasho na kuongea maneno yasiyoshikana. Alikuwa amejidunga insulini nyumbani kwa hesabu kwamba pilau litakuwa tayari saa saba. Saa tisa na nusu pilau bado. Wanawake wakasema ana shetani, mmoja akaenda kutafuta ubani. Mimi nilikuwa nimekaa hatua tano kutoka kwake na sikujua chochote. Kilichomwokoa ni binti mdogo aliyedhani ni joto tu, akamnywesha soda. Dakika kumi na tano baadaye shangazi anauliza kwa nini watu wamemzunguka.

Ilibainika ana miaka minne na sindano. Dawa anaiweka kwenye kopo la siagi ndani ya friji ya jirani, na jirani ndiye pekee aliyekuwa akijua.

Mwezi uliopita nilikwenda kumwona. Nikamwamkia, nikakaa, nikamsimulia habari za Elizabeth, boksi la kofia na mishumaa na yote. Alisikiliza bila kunikatisha, anachambua mchele.

"Huyo mama aliishi miaka mingapi?"

"Sabini na mitatu, shangazi."

"Na wifi zake hawakujua?"

Nikasema sijui habari za wifi, ila marafiki hawakujua.

"Alikuwa na akili," akasema. Akapepeta ungo mara mbili tatu. "Haya baba, nenda kwa jirani kanichukulie lile kopo. Na ukirudi ukae hapa, nikuonyeshe inavyochomwa."