Mtoto wa Wakimbizi na Msalaba wa Malkia

Siku ya Wakimbizi, tarehe 20 Juni, watu watano wa zoni yetu tulipewa vyeti kwa kazi ya kujitolea. Jioni nikampelekea cha kwangu mzee jirani yangu, ambaye zamani kule kwetu alikuwa askari. Akakishika, akakigeuza nyuma kuangalia kama kuna kitu kingine, akanirudishia. "Kizuri," akasema. "Sasa kinakufanya uwe nani?"

Nilikosa la kumjibu. Nikaamua kumsimulia habari za baharia mmoja, William Hall, niliyekuwa nimemsoma. Tulizungumza mpaka giza likaingia, nikaona afadhali niyaandike hapa na wengine wayasikie.

Inabidi nianze na wazazi wake. Mwaka 1812 Marekani na Uingereza waliingia vitani. Manowari za Waingereza zikaingia ghuba ya Chesapeake, pande za Maryland na Virginia, ambako watu weusi walikuwa watumwa mashambani. Basi watu wakaanza kutoroka kwa mitumbwi na vijiboti, wakipiga kasia kuzifuata meli. Tarehe 2 Aprili 1814 Admirali Alexander Cochrane akatoa tangazo: atakayefika melini na familia yake achague, ama aingie jeshini, ama apelekwe kwenye makoloni ya Uingereza akaishi kama mtu huru. Sisi tuliovuka Tanganyika usiku, mtoto mgongoni na sufuria miguuni, hatuhitaji kuelezwa sana jambo hilo. Watu kama 2,000 hivi walishushwa Nova Scotia, ambayo leo ni jimbo la Kanada. Mpaka leo wanahistoria wanawaita Wakimbizi Weusi. Jacob na Lucy Hall walikuwa miongoni mwao.

Na mapokezi je? Wengi walipitishia Melville, kisiwa kidogo karibu na mji wa Halifax kilichokuwa gereza la mateka wa vita. Walipewa posho na nguo, ugonjwa ukaingia, wengi wakafia palepale. Waliopona wakakatiwa viwanja, karibu ekari 10 kwa familia, msitu mtupu na mawe, baridi ya kuua. Hati ya kumiliki hawakupewa. Walipewa karatasi ya ruhusa ya kukaa tu. (Msomaji wa hapa kambini atacheka kidogo akifika hapa. Mfanyakazi wa shirika, samahani, atajikuna kichwa.) Baada ya miaka michache watawala walichoka kuwalisha, wakaanza kuwashawishi wahame tena. Mwaka 1821 watu 95 wakakubali kupelekwa Trinidad. Waliobaki walikataa katakata: tumeshahama mara moja, inatosha.

Jacob na Lucy walikwenda kukaa upande wa Horton, kwenye pwani ya kuunda meli. Huko ndiko William alikozaliwa, mwishoni mwa miaka ya 1820. Alikulia kwenye harufu ya lami na mbao, akafanya kazi kwenye karakana za meli, kisha akapanda meli za biashara, na kwa muda mfupi akawa hata kwenye jeshi la majini la Marekani, nchi iliyowafanya wazazi wake watumwa. Mwaka 1852 akajiandikisha Liverpool katika jeshi la majini la Uingereza. Akapigana vita vya Crimea, alikoshushwa nchi kavu na mizinga ya meli kwenda kuuzingira mji wa Sevastopol.

Mzee akanikatiza hapo. "Baharia anafanya nini nchi kavu?"

Swali zuri, kwa sababu hata sifa zake kubwa Hall hakuzipatia baharini. Mwaka 1857 alikuwa kwenye manowari Shannon, kiongozi wa mabaharia wa mlingoti wa mbele. Meli ilikuwa imetumwa China. Ilipofika Hong Kong habari zikaja kwamba India kumewaka moto: askari wa Kihindi waliokuwa wakiwatumikia Waingereza wamewageuzia bunduki. Shannon ikageuzwa kwenda Calcutta. Kapteni wake, William Peel, akashusha mabaharia na mizinga, wakapanda mto, kisha wakaenda kwa barabara mpaka Lucknow, ambako Waingereza walikuwa wamezingirwa. Mzinga mmoja wa aina ile una uzito zaidi ya tani mbili, na kila risasi yake ya chuma karibu kilo 11. Wale watu walizoea kuukokota kwenye sitaha ya meli inayoyumba, kwa hiyo barabara ya vumbi haikuwatisha.

Tarehe 16 Novemba 1857 walifika kwenye Shah Najaf, kaburi la mfalme lililozungushiwa ukuta mnene. Mzinga mmoja ulipungukiwa mtu, Hall akajitolea. Wakausogeza karibu mno na ukuta, maana kwa mbali risasi hazikuubomoa. Mzinga ukilia unaruka nyuma, inabidi watu wausukume tena mbele, wausafishe, wajaze baruti, wajaze risasi, huku juu ya ukuta bunduki zinawamiminia. Wakaanguka mmoja mmoja. Mwisho wakabaki wawili: Hall na Luteni Thomas James Young, naye kajeruhiwa. Kazi ya watu wengi wakaifanya wawili, wakaendelea kufyatua mpaka ukuta ukatoboka.

Peel aliandika majina yao yote mawili wapewe Msalaba wa Victoria, nishani ya juu kuliko zote za ushujaa Uingereza. Malkia alikuwa ameianzisha mwaka 1856, na jambo geni ndani yake ni kwamba hata mtu wa cheo cha chini aliweza kuipata sawa na ofisa. Peel mwenyewe hakuona siku hiyo. Ndui ilimuua Aprili 1858. Hall alivalishwa msalaba wake Oktoba 1859, melini, katika bandari ya Queenstown huko Ireland. Alikuwa mtu mweusi wa kwanza kuupata. Msalaba ulikuja na pauni 10 kwa mwaka.

"Ule ukuta," mzee akauliza, "nyuma yake kulikuwa na nani?"

Hapo ndipo nilipokuwa naogopa tufike. Nyuma ya ukuta walikuwa watu waliokuwa wanaitetea nchi yao. Waingereza walikuwa wameuchukua ufalme wa Awadh mwaka mmoja tu kabla, wakamwondoa mfalme wake. Mkewe, Begum Hazrat Mahal, akabaki Lucknow, akamweka mtoto wake kwenye kiti, akaongoza vita. Siku ileile ya Shah Najaf, katika bustani ya Sikandar Bagh karibu na hapo, waliuawa watu wake wapata 2,000. Mji ulipochukuliwa kabisa mwaka 1858 mama huyo alikimbia, akavuka mpaka akaingia Nepal. Alikaa huko kama mkimbizi mpaka alipokufa mwaka 1879. Kaburi lake liko Kathmandu.

Mzee alinyamaza muda mrefu. Mimi simhukumu Hall. Waliowatoa wazazi wake utumwani walikuwa ni hao hao waliompa mzinga, na sijui kijana gani katika hali ile angeuliza maswali mengi. Lakini nikimsifu bila kumtaja yule mama, nitaona nimeiba.

Hall alistaafu mwaka 1876, akarudi Nova Scotia, akalima shamba dogo Avonport pamoja na dada zake. Mwaka 1901 mtoto wa mfalme alitembelea Halifax, na yule mkulima mzee akaonekana kwa sababu ya nishani kifuani. Akafa Agosti 1904. Jeshi halikuja kumzika, wala kaburi halikuwekewa jina. Ilikuwa mwaka 1945 ndipo mifupa yake ilipohamishiwa kwenye kanisa la Hantsport, na mwaka 1947 akajengewa mnara wa mawe. Msalaba ulirudi Kanada mwaka 1967. Siku hizi ana stempu yenye picha yake, na jeshi la majini la Kanada lina manowari inayoitwa William Hall.

"Miaka zaidi ya arobaini bila jina," mzee akasema. Halafu akanyosha mkono. "Hebu lete kile cheti chako."

Akakisogeza kwenye mwanga wa simu, akasoma polepole, kidole kikifuata herufi.

"Hapa jina la baba yako wameliandika vibaya. Kesho asubuhi nenda wakalirekebishe."